Mnara Uliohama

Fundi wa saa alikifungua kifuniko cha kioo, akakifunga, akakifungua tena. Kisha akanitazama kwa juu ya miwani yake.

"Mtambo mzima huu," alisema. "Kilichokufa ni bawaba ya kioo. Saa ya namna hii hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Bawaba haiwezi kulika hivi kwa kufunguliwa mara moja kwa wiki. Kwenu kuna mtoto anayeichezea?"

Nikamwambia hakuna. Alipitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa.

"Mafuta ya cherehani," alisema, kama mtu aliyegundua kosa la mwenziwe. "Nani anatia saa mafuta ya cherehani?"

Harufu ilikuwa imenifikia na mimi. Mafuta ya cherehani yana harufu hafifu, karibu na ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu mkononi. Kwa watu wengine ni harufu ya duka la mshoni. Kwangu mimi ni harufu ya magharibi.

Sikusoma shule nyingi. Mengi ninayoyajua nimeyasoma peke yangu, vitabu vya kuazima na magazeti ya kufungia vitu, na kwa sababu hiyo nimezoea kutenganisha nililoliona kwa macho na nililoambiwa na watu. Nitajaribu kufanya hivyo hapa, ingawa katika mambo ya utotoni mawili hayo hulala kitanda kimoja.

Tulikaa Sokomuhogo, mjini Unguja, katika ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe yenye ngazi za giza. Tulikuwa Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwa akifanya kazi Pemba, akija kwa likizo na gunia la machungwa. Mdogo wake Baba, Ami, alikuwa karani katika ofisi za serikali pale Beit el-Ajaib, na nyumba yake ilikuwa Bububu, nje ya mji. Kila jioni kabla ya kupanda baiskeli kurudi kwake alipita kwetu, akamwamkia mama yake, akanywa kahawa kikombe kimoja. Wengi wa rika langu walikuwa na ami au mjomba wa namna hiyo: suruali nyeupe iliyopigwa pasi, saa ya mkononi, na mazoea ya kuitazama saa hiyo wakati mtu mwingine anazungumza.

Saa ya nyumbani ilitundikwa ukumbini. Kila siku jua likikaribia kutua, Bibi alisogeza kigoda, akapanda, akafungua kioo, akaweka kidole kwenye mshale mrefu na kungoja. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Muadhini akitoa neno la kwanza, Bibi alisukuma mishale ikasimama kwenye kumi na mbili, akafunga kioo, akashuka. "Haya," alikuwa akisema, "siku imeanza."

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, lakini vijana huenda wakahitaji. Kwa wazee wetu siku ilianza jua linapotua, na usiku ulitangulia mchana wake. Saa kumi na mbili haikuwa namba iliyokubaliwa ofisini. Ilikuwa ni jua lenyewe. Na kwa kuwa jua halitui wakati mmoja mwaka mzima, saa ilikuwa lazima iguswe kidogo kila jioni ili isiachwe nyuma. Hayo yote Bibi hakunieleza kwa maneno. Nilikuwa nimeshika chupa ya mafuta ya cherehani chini ya kigoda, kazi yangu ikiwa ni kumpa atie tone moja kwenye bawaba inapolia, na nilijifunza kwa kutazama.

Ami hakupenda.

"Mama, unaiharibu saa. Redio imesema kumi na mbili na robo sasa hivi."

"Redio imeliona jua?"

"Redio haioni jua, Mama, lakini haikosei."

"Aliyeliona jua yuko msikitini, na nshamsikia. Sogea, unanizibia mwanga."

Ami alisogea. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona akimjibu mama yake mara tatu.

Bibi alisema kazi ya kuiweka saa ameirithi kwa baba yake. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakipanda mnara wa taa kila jioni, kuwasha taa kwa ajili ya vyombo na kuiweka saa kubwa ya mnarani jua linapotua, ili mji mzima ujue. Alishuka alfajiri, na Bibi, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, ndiye aliyepelekwa na mama yake mpaka chini ya mnara na sahani ya mkate wa kumimina iliyofunikwa kawa.

Shida ilianzia kwenye mnara wenyewe. Kila mtoto wa Unguja aliujua mnara wa saa. Uko juu ya Beit el-Ajaib, katikati, mbele, unaonekana tangu meli zikiwa mbali. Bibi alisema sio huo. Alisema mnara wa saa ulisimama peke yake, mbele ya jumba, upande wa bahari, mrefu na mwembamba, na taa yake kileleni. Jumba halikuwa na mnara wowote. "Huo wa leo umehamia pale," alisema. "Wa kwanza ulikuwa chini, umesimama kwa miguu yake."

Nilifanya kosa la kuyarudia maneno hayo chuoni, tulikosomeshwa Korani. Kulikuwa na msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko mimi, mwenye ulimi.

"Sikieni! Bibi yake kauona mnara unatembea!"

"Sikusema unatembea. Nimesema umehama."

"Umehama na vyombo vyake? Na mkeka? Mwambie bibi yako atazame vizuri, kesho atauona msikiti unakwenda kuoga."

Walicheka mpaka mwalimu akagonga ubao. Tangu siku hiyo nilikuwa na haja na mnara ule.

Haja hiyo iligeuka kuwa hofu jioni moja, Bibi akiwa kwenye sala, Ami na Mama wakizungumza jikoni kwa sauti ya chini. Nilikuwa ngazini. Nilisikia Ami akisema kwamba kule Bububu uwanja una ukuta, na mlango ni mmoja, na mkewe yupo nyumbani mchana kutwa. Mama alisema, "Atakufa kwa kihoro. Kazaliwa nyumba hii." Ami akasema: "Sina la kufanya, shemegi. Mnara huo ndio utakaomtoa mji."

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Bibi alikuwa akishikilia kwamba mnara umehama. Watu wazima, kama wale watoto wa chuoni, waliona ni maneno ya mtu aliyepotewa na akili. Na mtu aliyepotewa na akili hupelekwa Bububu. Bibi alikuwa amezoea kusema kwamba katika nyumba ile atatoka kwa jeneza tu. Sasa angetoka kwa gari, kwa sababu ya mnara. Basi ilikuwa wazi kwangu kwamba mtu akipata ushahidi wa mnara, Bibi atabaki. Sikuona tundu lolote katika hoja hiyo. Nilikuwa na miaka kama kumi, na hoja zangu zote zilikuwa madhubuti.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona na kulielewa vibaya. Asubuhi fulani fulani, tukiwa bado hatujakunywa chai, nilimwona Mama amemkalisha Bibi kwenye kigoda, anamwosha miguu, na maji ya beseni yana mchanga. Sahani ilikuwa pembeni, mkate umekatwa vizuri, haujaliwa. Niliamua kwamba Bibi alikuwa akitoka alfajiri kuwapelekea maskini sadaka, na kwamba siku hizo maskini hawakuwepo. Nilimheshimu zaidi.

Mwaka huo nilihitimu Korani. Palipikwa bokoboko, wakaalikwa majirani, mwalimu akapewa kanzu. Ami aliniuliza nataka zawadi gani.

"Nataka kuona mnara wa saa. Ndani."

"Wenzako huomba viatu."

"Viatu ninavyo."

Alimtazama Mama, Mama akatazama sahani. "Basi Jumapili," alisema Ami, "ofisi zikiwa zimefungwa."

Kabla hatujatoka Bibi alinifunga ushungi mwenyewe na kuuvuta mpaka masikio yakaniuma. "Ukifika juu," alisema, "tazama upande wa baharini. Utauona mnara wangu mbele yako. Baba alikuwa akinipungia mkono kutoka dirisha la juu." Nikamwahidi nitatazama.

Mlinzi wa mlango alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kiua iliyochakaa. Ami alimwambia kwamba mimi nimehitimu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Mashaallah. Basi na atuombee dua ngazi hizi zipungue, mimi magoti yamekwisha."

Nilikuwa na jambo langu la kufanya kabla ya ngazi. Sote chuoni tulijua kwamba chini ya kila nguzo ya Beit el-Ajaib amezikwa mtu, wima, ili jumba lisianguke. Nilikwenda kwenye nguzo ya kwanza, nikatoa kwa siri salamu inayotolewa makaburini.

"Unamwamkia nani?" Ami aliuliza.

"Watu wa nguzo."

Hakucheka. Alikunja kidole akaigonga nguzo, ikalia kama sufuria tupu. "Chuma," alisema. "Zilikuja na meli, zimeshasubuliwa kwenye kalibu. Ndani mna hewa." Nikafikiri: basi ameshaoza. Baadaye, nilipokwisha kuwa mtu wa kusoma, nilitafuta ushahidi wa kisa hicho na sikuupata. Wala sishangai kwamba kimedumu. Katika mji uliokuwa na soko la kuuzia watu, jumba kubwa likijengwa, watu hawaulizi ushahidi mrefu.

Ami alinieleza jumba kwa utaratibu, ngazi kwa ngazi, kwa namna ambayo nadhani ndiyo iliyonifundisha kupenda mambo yaliyopangwa. Alisema sultani aliyelijenga hakulijenga la kulala, alilijenga la shughuli na wageni. Kwamba lilipata taa za umeme na chombo cha kupandishia watu juu wakati mji mzima ulikuwa ukiwasha vibatari, na ndiyo maana likaitwa nyumba ya maajabu. Alinionyesha milango iliyochongwa aya. Nilisoma aya nne au tano kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa mhitimu. Varanda za juu zilikuwa pana kuliko njia yetu ya Sokomuhogo, na zilinuka karatasi, wino na vinyesi vya njiwa.

Katika ukumbi wa ghorofa ya pili, kati ya milango miwili ya ofisi, ilitundikwa picha ndani ya fremu nyeusi. Kioo chake kilikuwa na madoa. Ami alisimama.

"Tazama hii."

Ilikuwa picha ya mji kutoka baharini. Nililijua jumba kwa varanda zake, lakini halikuwa na kitu juu, paa lake lilikuwa limenyooka kama meza. Na mbele yake, upande wa bahari, peke yake, ulisimama mnara mweupe mwembamba, mrefu kuliko kila kitu kilichokuwemo ndani ya picha, na saa tumboni, na kileleni kibanda cha taa.

"Huo ndio mnara wa bibi yako," alisema Ami.

Alinieleza kilichotokea. Alifariki sultani mmoja, akakaa kitini jamaa yake ambaye Waingereza hawakumtaka. Wakampa muda wa kushuka. Muda ulipokwisha manowari zikapiga mizinga. Vita vilikwisha kabla jua halijapanda sana. Majumba ya pale pwani yalivunjika, mnara ukatobolewa, na mabaki yake yakabomolewa kwa sababu yangeangukia watu. Lilipotengenezwa upya hili jumba la maajabu, ambalo halikuumia sana, ndipo lilipojengewa mnara juu yake, upande wa mbele, na saa ikapandishwa humo.

Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi. Nilimwona akilini yule msichana wa chuoni. Niliona kigoda cha Bibi mahali pake ukumbini.

"Basi Bibi hakusema uwongo."

"Nani kasema kasema uwongo?"

"Wewe. Ulimwambia Mama mnara ndio utakaomtoa mji."

Ami aliitoa saa yake mkononi, akaitazama, akaivaa tena. Sidhani kama aliona ilikuwa saa ngapi.

"Mimi nimekua naelezwa mnara huu," alisema. "Kila siku napita hapa, kila siku nausalimu. Bibi yako hajakosea hata jiwe moja. Laiti angekosea."

"Kwa nini?"

"Mtu akikosea huelezwa. Yeye utamweleza nini?" Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Jambo si kwamba anaukumbuka mnara. Jambo ni kwamba anakwenda kuutafuta. Yule mlinzi wa chini, mara mbili kamkuta alfajiri pale kwenye ngazi za kushukia majini, ana sahani ya mkate, anauliza mlango wa mnara uko wapi. Mara ya pili maji yalikuwa yashamfika magotini."

Nilikumbuka beseni lenye mchanga. Maskini wangu wote wakaondoka.

Tulipanda mpaka juu. Ngazi za mwisho zilikuwa za mbao, zimesimama sana. Nilikuwa nimetamani kuiona saa ile kuliko kitu chochote, na kwa kweli niliiona, mtambo wake wa meno na minyororo, uso wake kwa nyuma, mishale ikienda kinyume kama ya mtu anayejitazama kiooni. Nilimuuliza Ami nani anaiweka magharibi. Alisema siku hizi haiwekwi kwa jua. Hutiwa ufunguo na fundi, na hufuata saa ya ofisi. Kisha nilitoka kwenye ukingo nikatazama upande wa baharini kama nilivyoahidi. Palikuwa na bustani, na majani yaliyokatwa, na mabenchi, na mtu amelala kwenye moja. Nilipatazama mahali penyewe kwa makini yote niliyokuwa nayo. Hapakuwa na hata alama ya msingi.

Bibi alikuwa akitungoja juu ya ngazi.

"Umeuona?"

Nilikuwa nimeshaamua njiani. Ami alisema mtu akikosea huelezwa, kwa hiyo nilimweleza. Nilimkalisha nikamhadithia yote kwa utaratibu: sultani, muda aliopewa, manowari, mizinga, mnara kubomolewa, saa kupandishwa juu ya jumba. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Wewe unanihadithia mimi vita vile? Mimi n'likuwamo! Mama alinibeba mgongoni tukakimbilia shamba, kilemba cha mtu kimeanguka njiani hakuna wa kukiokota. Na manowari hazikuja asubuhi ile, zilikuwapo tangu jana yake, siku nzima zinatutazama."

"Na baba yako?"

"Baba alikuwa ameshashuka. Alfajiri alikuwa akishuka, si nshakwambia? Tuliporudi akaenda kutazama, akarudi, akakaa. Wakajenga mnara mwingine wakamweka mtu mwingine. Yeye akanunua saa hii." Akaionyesha ile ya ukutani. "Akawa anaiweka hii."

Watu wakisikia kisa hiki hupenda kufikiri kwamba baba yake Bibi alifia mnarani. Hakufia mnarani. Aliishi miaka mingi, bila kazi ya maana, na kila magharibi alifungua kioo.

Nilifurahi kupita kiasi. Bibi alijua kila kitu, alijua kuliko Ami. Nilikimbia jikoni kumwambia Mama kwamba Bibi amepona. Mama alikuwa akikuna nazi. "Alhamdulillahi," alisema, na hakuinua kichwa.

Hazikupita siku nyingi. Niliamshwa na mlio wa komeo. Nilishuka ngazi nikiwa nusu usingizini nikamkuta Bibi mlangoni, buibui limekaa sawa, sahani mkononi, kawa juu yake.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Nnampelekea baba chakula chake. Sasa hivi anashuka. Njoo tufuatane, utanishikia kawa."

Alizungumza kama kila siku. Hapakuwa na kitu chochote katika sauti yake cha kumtisha mtoto, na hicho ndicho kilichonitisha. Sikurudi kumwamsha Mama kwa kuwa niliogopa nikigeuka atakuwa ameshakwenda. Tulifuatana. Njia zilikuwa tupu, muuza kahawa mmoja tu alikuwa akipuliza makaa, akamwamkia Bibi, na Bibi akaitikia kwa jina lake. Alipita vichochoro vyote bila kusita hata mara moja mpaka tukatokea Forodhani, mbele ya jumba, na mwanga ukawa umeanza.

Alisimama kwenye majani ya bustani. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyekuta milango ya mtaa imebadilishwa.

"Wameuweka wapi?"

"Ule pale, Bibi. Juu ya jumba. Saa ile pale."

Aliitazama muda mrefu. "Saa ndiyo," alisema. "Mlango uko wapi?"

Alianza kuelekea kwenye ngazi za majini. Nilishika buibui lake kwa mikono miwili, akanivuta. Sikujua kwamba alikuwa na nguvu zile. Nilimweleza tena juu ya mizinga. Nilimwambia ulibomolewa, Bibi, wewe mwenyewe ulisema ulibomolewa, mlikimbia. Alisema, "Ndiyo, ndiyo, najua, niachie, chakula kinapoa." Vidole vya miguu yake vilikuwa kwenye ngazi ya kwanza iliyolowa.

Kweli zote nilizokuwa nazo zilikwisha pale. Nikasema:

"Baba yako ameshashuka, Bibi. Yuko nyumbani."

Aligeuka papo hapo. "Mbona hukusema mapema?" alisema kwa ukali kidogo. "Tazama, mkate umepoa." Akanipa sahani niibebe, tukarudi.

Alipofika juu alikaa kwenye kigoda, akaniomba chai, na baba yake hakumuulizia tena. Mama alimwosha miguu. Mimi nilikaa siku nzima, nikashuka jioni, nikamngojea Ami mlangoni. Alipoegemeza baiskeli nilimwambia: "Bibi aende Bububu." Hakuniuliza sababu. Aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake, kisha tukapanda.

Siku ya kuhama lilikuja gari la jirani mpaka lilipoweza kufika, na vitu vyake vikabebwa kwa mikono: kitanda, sanduku, mkeka wa kusalia. Hakulia, wala hakubisha. Alidhani, au alikubali kudhani, kwamba anakwenda kukaa siku mbili tatu. Ami alipanda kwenye kigoda kuitungua saa ili aende nayo. Bibi alimzuia.

"Iache. Saa haihami. Ile iliyohama tumeona ilivyokuwa."

"Nani ataiweka, Mama?"

Bibi alinielekezea kidevu mimi. "Huyu kaona. Na mafuta anajua yalipo."

Bububu aliishi miaka michache. Uwanja ulikuwa na ukuta na mlango ulikuwa mmoja, kama Ami alivyosema, na hakuna aliyempata tena na maji magotini. Tulikwenda kila Ijumaa. Nyakati fulani alinijua, nyakati nyingine aliniita jina la dada yake. Kila mara, kwa jina lolote alilonipa, aliuliza kama saa imewekwa, nami nikasema imewekwa.

Kulikuwa na jioni moja baada ya kufa kwake ambayo naikumbuka bila kujua kwa nini inanijia mbele ya nyingine. Ami alikuwa amekuja kama kawaida. Redio ya jirani ilikuwa imeshatangaza saa, naye akaitazama ya mkononi, akaitazama ya ukutani, na tofauti ilikuwepo, kama robo saa. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeshasogeza kigoda. Aliondoka kwenye kiti, na kwa kuwa yeye alikuwa mrefu hakukihitaji kigoda. Alifungua kioo, akaweka kidole kwenye mshale mrefu, akasimama hivyo, suruali yake nyeupe, midomo yake ikicheza, mpaka muadhini akaanza.

Ile picha ya fremu nyeusi sikuiona tena. Niliitafuta nilipokuwa mtu mzima, na katika ukumbi ule nikakuta msumari. Mnara ulio juu ya jumba upo. Mara nyingine napita chini yake na sitazami saa.

Yote hayo sikumwambia fundi. Alikuwa bado ameshika kifuniko, anangoja jibu.

"Niichomelee kwa risasi bawaba hii ya zamani," aliuliza, "au nikutilie bawaba mpya? Ya zamani itashika kama huifungui sana."

"Tia mpya," nilisema. "Iliyo madhubuti. Itafunguliwa kila siku."